Muuza Dawa ya Mende Ana Spika

Daktari aliniingiza kamba nyembamba puani,
yenye taa nchani, akaniambia nitazame kioo.
"Nyuzi zako hizi. Tazama hapa, na hapa."
Vinundu viwili, punje za mtama,
vimekaa vikitazamana kama majirani waliogombana.
"Unaimba kwaya?" Nikatikisa kichwa.
"Unanadi mitumba?"
Nikachukua kalamu yake, nikaandika kiganjani:
La pili B. Watoto mia moja arobaini na watatu.
Akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka.
"Siku kumi na nne," akasema. "Hata kunong'ona usinong'one."

Kunong'ona nako, kumbe, ni kazi.

Shule yetu iko Kiwalani, chini ya njia ya ndege.
Ikipita, bati hutetemeka, ba-be-bi hukatika katikati,
nami hurudia kwa juu zaidi
kana kwamba rubani naye hajui kusoma.
Mvua ikishuka juu ya bati lilo hilo
hufundisha mvua. Mimi hufumbua na kufumba mdomo.
Saa tano hupita muuza dawa kwa baiskeli:
mende, kunguni, panya, kwaherini,
sauti yake imo kwenye kasha, inakula betri,
mwenyewe anatafuna muwa.
Muuza dawa ya mende ana spika.
Muuza laini za simu ana spika.
Mimi nina koo, na kopo la chaki.

Mwalimu mkuu aliigeuza barua ya daktari nyuma,
kama huko ndiko ulikoandikwa ugonjwa.
"Ungekuwa mguu, mwalimu, plasta tungeiona."
Nilikuwa na jibu. Lilikuwa zuri.
Nikalimeza; likauma likishuka.

Nyumbani kila mtu tabibu:
tangawizi, chumvi, asali, yai bichi.
Siku ya tatu mama mkwe alimvuta mwanawe kando:
"Umemfanya nini huyu, mbona amenuna?"
Gengeni nilionyesha vidole vinne, nikapewa nyanya mafungu manne.
Na Mwavita, jirani yangu,
anayelea watoto wa wenzake kumi na wanane sebuleni,
alinisemesha juu ya ukuta, sauti yake
mlango wa bati unaoburuzwa kwenye saruji:
"Mimi yangu iliondoka tangu mfungo.
Lakini mtoto akilia, shoga, utamwandikia barua?"
Yeye hana daktari. Hana siku kumi na nne.
Akaitwa ndani, akaenda, akaanza kubembeleza.

Siku ya tisa nilipita nyuma ya tangi la maji,
nikawakuta wanangu wa la pili wanacheza shule.
Chausiku ndiye mwalimu, kijiti mkononi.
"Kaeni kimya!" alisema, amejibana shingo,
akikwaruza kila neno kama anayeparua sufuria.
Mwenzake, Sudi, akamkatiza:
"Sivyo. Kwanza anakohoa mara mbili."
Akakohoa mara mbili.
Wote wakaketi.

Nilisimama pale na mfuko wangu wa dagaa.
Ile nyingine hawajawahi kuisikia,
sauti niliyokuja nayo kutoka Utete,
iliyokuwa ikiita mtu ng'ambo ya Rufiji
naye akaitika bila kuuliza nani.
Kwao mwalimu huzaliwa amekauka.

Siku ya kumi na tano. Saa mbili asubuhi.
Neno la kwanza nimeliandaa tangu jana,
dogo, la chini, la kuanzia.
Nafumbua mdomo, na ndege inakuja.
Bati linaanza. Macho yote mdomoni mwangu,
wanangoja nipande juu yake kama siku zote.
Nafumba mdomo.
Naiacha ipite, na magurudumu yake, na haraka yake.

Dawati la mbele, Chausiku,
kwa niaba yangu,
anakohoa mara mbili.