Dakika Tatu za Tsiala

Saa ni ile ile ya sataranji, ya mbao,
nyuso mbili, kila uso na kabendera kekundu,
aliyoibeba mama kutoka klabu ya wasichana ya Kutaisi
siku walipoifunga na kuuza viti.
Uso mmoja umekufa. Wa pili unatangulia kidogo,
tumeuzoea.

Mchezo nao ni ule ule:
dakika tatu, wanawake waliotikisa dunia,
taja, usirudie, usimeze mate.
Zamani jirani yetu Guliko alishinda mara moja tu,
kwa kupanga malkia wa Uingereza kwa namba,
wa kwanza, wa pili,
na mama akasukuma bakuli la jozi
akisema huo si ukumbusho, huo ni uhasibu.
Yeye mwenyewe alifika arobaini na mmoja
bila kutazama dari.

Kisha kiharusi, Februari, mbele ya duka la mikate.
Mkono ukarudi. Mguu ukarudi ukiburutwa.
Majina yakabaki huko yalikokwenda.

Daktari alitaka ataje wanyama.
"Wanyama," mama akasema,
akamtazama kama alivyozoea kumtazama msichana
aliyemtoa malkia wake mapema mno.

Basi kila jioni, chai ikishamiminwa,
nabonyeza.

Tamari, anasema. Hilo halimtoki,
limeandikwa hata kwenye kona za barabara.
Nona wa Zugdidi, bila shaka, bingwa wa ubao.
Kyuri anamfikia kwa vidole,
kama mtu apapasaye swichi gizani.
Halafu ukuta.

"Yule," anasema. "Wa juu." Anainua kijiko.
Mpanda mlima? Hapana.
Malaika? (Uchovu umeniingia.)
"Shakwe," anasema. "Shakwe, Nestani, shakwe!"
Kijiko kinagonga sahani,
kabendera kanaanguka.

Naandika daftarini: watatu.
Pembeni, kwa penseli: maneno yanachanganyika.
Daktari ameniomba niandike hivyo.
Na kweli, shakwe wa nini? Hapa tuna Rioni tu,
mto wa mawe na makelele.

Saa nane za usiku bomba linanguruma
na sauti yake inapasua ukumbi:
Valentina!
Tereshkova!

Nafika miguu mitupu nikidhani ameanguka.
Amekaa ukingoni mwa bafu, soksi moja mkononi,
anacheka hadi machozi.
"Shakwe," ananiambia polepole,
kama unavyomwambia mwanafunzi mzito,
na mimi niliyefundishwa hayo darasa la tatu
nikayatupa pamoja na skafu nyekundu
ndipo nakumbuka: ndilo jina walilomwita redioni
akiizunguka dunia peke yake,
mara arobaini na nane.

Hakuwa amepotea, mama.
Alikuwa anakuja kwa mlango wa nyuma.
Mimi ndiye niliyesimama kule mbele
na daftari langu.

"Inahesabiwa?"
Muda wako uliisha jana.
"Inahesabiwa?"
Nilifuta ya pembeni kwa raba, karatasi ikachanika.
Nikaandika: wanne.

Leo yuko mwingine anayegoma kuja.
"Wa miti," anasema. "Miti saba."
Anazungusha mkono kichwani: kitambaa.
Anaonyesha kusini, mbali, nje ya dirisha la jiko.
Anainama, mguu wake mbovu ukitetemeka,
anafukia kitu juu ya zulia.

Simjui. Guliko naye hamjui,
japo amejitolea malkia wengine watatu.
Huenda wewe usomaye unalo tayari jina lake,
linakuwasha ulimini.
Nakuomba, usimnong'oneze.

Saa nimeisimamisha,
kabendera kananing'inia kwa ncha.
Chai imepoa.
Anafukia tena.