Futi Kamba

Nilikuja kwa vidole, wakaniuliza moyo.

Alhamisi, kliniki ya viungo, benchi la tatu kutoka mlangoni,
nimeficha mikono ndani ya leso kama mwizi wa mahindi.
Sindano imenikataa tangu Pasaka.
Subana haingii.
Kila alfajiri vidole vyangu huamka nyuma yangu,
saa nzima, siku nyingine mbili,
nikivibembeleza kwa maji ya uvuguvugu:
jamani, kifungo kimoja tu.

Majirani pale Kibuye walicheka waliposikia jina.
Baridi yabisi? Hapa Kisumu?
Baridi gani, na mabati yanalia kwa jua saa tatu asubuhi!
Nikacheka nao, maana jina lenyewe ni la uongo:
linaitwa baridi, nalo ni moto,
kaa lililofunikwa jivu.
Gusa kifundo hiki. Utadhani birika.

Muuguzi Nereah hakugusa kifundo.
Alitoa futi kamba mfukoni,
ya njano, namba zimefutika mwanzoni kama yangu,
akaizungusha kiunoni mwangu.
Mimi!
Miaka ishirini na saba nimepima viuno vya mji huu,
maharusi, wanakwaya,
mke wa chifu aliyetaka nimpunguzie inchi mbili, kwenye daftari tu,
na changu sijawahi kukiandika.
"Mia na nne," akasema.
Nilitaka kumwambia futi yake imelegea.
Nikameza mate. Futi iliyolegea
humpunguzia mtu, haimwongezei.

Kisha presha. Kisha damu, chupa tatu.
Nimeleta cherehani, nikawaza, wao wanakagua paa.

"Penina, moto huu haukai viungoni," akasema.
"Haujui mpaka. Unatambaa ndani ya mishipa,
unakwaruza kuta, mafuta yanapata pa kushika.
Na zile tembe ulizojinunulia bila kuandikiwa?"
Zile. Zilizonijaza uso ukawa mwezi,
wateja wakanisifu: pesa imekukubali, mama!
Nami nikatabasamu, nikameza nyingine.

Nikakumbuka ngazi za benki,
jinsi nilivyosimama kwenye ya tisa
nikajifanya natafuta simu.

Nikamkumbuka mama, kule Gem,
vidole vimekunjamana kama tangawizi,
aliyeanguka jikoni na mwiko mkononi.
Wengine walisema karogwa. Wengine, uchovu.
Shangazi alilaumu kuni mbichi.
Tuliomboleza siku nne, tukachinja,
na katika midomo yote ile
moyo haukutajwa.

Sasa asubuhi natembea hadi dukani, polepole,
napitwa na watoto wa shule na mbuzi wao wa jirani.
Chai kijiko kimoja, na si uongo kwamba naichukia.
Dawa ya viungo kila Jumatano,
ya presha kila siku, hata nisipoumwa,
na hilo ndilo gumu:
kutibu kitu kisicholia.

Jana usiku nilifungua daftari, ukurasa mpya.
Mkono ulikataa kalamu, nikaishika kwa ngumi, kama mtoto.
Jina: Penina Awuor.
Bega, kama zamani.
Kiuno, mia na mbili.
Nikapiga mstari, nikaongeza safu ambayo fundi hana:
moyo.
Mbele yake sikuandika namba.
Nilikiweka kiganja kifuani, nikahesabu
mpaka taa ya jirani ikazimwa.

Tarehe ya kuchukua nimeiacha wazi.