Kulabu

Nilipanda manowari siku tatu, mwaka ule wa njaa ya kazi,
kibarua wa kukwangua kutu bandarini Mombasa,
kijana wa Wete mwenye msasa na ndoo ya rangi ya kijivu.
Wenzangu walizikodolea zile nyembamba,
zenye pua kali kama sindano ya magunia.
Mimi nilikutazama wewe.

Kichwa kikubwa, kiuno kimekonda,
kiluwiluwi cha bonde la mpunga.
Na ule mrija mbele ya kioo, umepinda
kama pua ya bondia aliyegoma kwenda hospitali.
Mabawa umeyakunja mgongoni
kama mtu apitaye katikati ya safu msikitini,
akijikusanya asimguse yeyote.

Ulikuwa mbaya. Wallahi ulikuwa mbaya.
Nikakupenda palepale, na msasa mkononi.

Mimi mtoto wa fundi bati, kiraka nakijua.
Ubavuni pako nilihesabu kumi na saba, hadi nikafokewa.
Ribiti juu ya ribiti, bati jipya limekopeshwa kwa bati kuukuu.
Rubani wako, kidevu bado laini,
alizaliwa wewe ushatoboka, ushazibwa, ushasahau.
Kabla ya kupanda alikupiga kiganja
kama mchukuzi ampigavyo punda wake wa siku zote,
na mwenziwe akakaa ubavuni pake, bega kwa bega,
si mmoja nyuma ya mwingine kama wapakizanao baiskeli.
Nikasema: hii ni ndege ya watu wanaosemezana.

Kutua kwako sikukuona; meli ikiwa gatini hairushi kitu.
Fundi mmoja, magoti yote grisi, alinionyesha kwa mikono,
kwa Kiingereza changu cha kuombea maji
na Kiswahili chake cha jambo, jambo.
Kiganja kinashuka, kidole cha nyuma kimepinda: kulabu.
Waya umelazwa sitahani. Kulabu itaunasa, au itaukosa.
Kwa hiyo (akanguruma, mate yakanirukia)
magurudumu yakigusa tu, unatia moto wote.
Wote!
Unatua kwa nguvu ya kupaa,
maana huenda waya ukakosekana, na bahari i mbele.

Miaka arubaini nalitafuna jambo hilo.
Nilipomrejea Mize baada ya talaka ya kwanza
nilirudi hivyohivyo, nimetua, na nguvu za kuondoka mkononi.
Akaniambia: zima hiyo injini, bwana, umeshafika.

Mjukuu wangu Asaa ana miaka tisa na maswali kama misumari.
"Babu, ilikuwa ikibeba nini?"
Mizigo.
"Ya kushusha wapi?"
Nikajitia kutafuta nyundo.
Kwa sababu niliviona, siwezi kukana, vile vyango chini ya mbawa,
vitupu pale bandarini, vimepakwa mafuta vizuri,
na sikuuliza, vilipojaa, vilimwagwa juu ya bati la nani,
na kama huko alibaki fundi wa kuziba.

Nasikia walikustaafisha.
Baadhi yenu mlikatwa vyuma chakavu,
baadhi mkazamishwa makusudi, samaki wapate pa kukaa.
Hilo nalipenda, hata likiwa uongo:
chewa wawili vitini mwako, bega kwa bega.

Nimekukata kwenye bati la pipa la mafuta ya kula,
nimekupachika juu ya kibanda changu hapa Limbani.
Wanaoanika karafuu kando ya lami hukutazama
wajue mvua inatokea wapi.
Viraka nimevitia vyote kumi na saba
ingawa bati lenyewe halikuwa na tundu.
Chini ya mbawa sikutia kitu.
Kulabu nimeitia.

Usiku upepo ukizidi nakusikia unakwaruza,
unashuka, unashuka, unautafuta waya,
na Mize, chini ya chandarua, usingizi nusu:
"Bado tu hajatua huyo?"