Ile ya Kukoroma

Saa tatu usiku, Umoja, ghorofa ya nne.
Stima imepotea, na maji yalipotea jana.
Nalowesha tete mdomoni:
lina ladha ya kijiti cha aiskrimu kilichosahauliwa mfukoni.

Bendi ya polisi ilinifunza sauti iliyopigwa pasi,
iliyofungwa vifungo mpaka shingoni.
"Safi, Kemunto! Safi!" Sajini Lomuria akifoka,
nami nikapuliza safi miaka sita
mpaka safi ikanichosha.

Sasa nautafuta uchafu.
Ulimi naupepesa nyuma ya meno, rrrrr,
kama mtoto anayeendesha gari la waya.
Kisha naubandika kwenye tete, naubandua ghafla: ta!
Tone la maji kwenye sufuria tupu.
Taya nikililegeza, noti inateleza,
inashuka ngazi bila kukanyaga kidato hata kimoja.
Halafu lile gumu: kupuliza huku koo likinung'unika
noti yake yenyewe, isiyopatana na ya kwanza,
mpaka mpingo mzima utetemeke vidoleni
na klarineti ikorome.

Ko, ko, ko.
Mpini wa ufagio, chini ya sakafu yangu. Mama Otiato.
Namjibu kwa ulimi: ta, ta, ta.
Ko!
Nafunga sanduku.

Wiki mbili nikapiga skeli tu,
juu, chini, juu, nyeupe kama mayai.
Ufagio kimya.

Jumapili, hodi.
Kajifunga leso, slipa za rangi mbili tofauti.
Hakuketi.
"Ile ya kukoroma," akasema, "umeiacha?"
Nikaanza kuomba radhi. Akanikata kauli.
"Miaka thelathini na mmoja nimelala kando ya ngurumo.
Nilikuwa nampiga kiwiko: ko, ko, geuka, baba.
Akigeuka, ndipo nalala."
Akaitazama klarineti kitandani
kama mtu anayemtazama mgonjwa wa jirani.
"Ukipiga, usiache nikigonga mara ya kwanza."

Basi napiga.
Noti ya chini kabisa, vidole vyote vimeziba,
koo chini yake likisaga kokoto.
Ko, ko.
Nageuka. Naelekeza mdomo wake mpana dirishani,
nakoroma upande wa pili.

Kuna usiku sauti mbili zinagongana vibaya,
tete linapiga yowe kama bata aliyekanyagwa,
na huko chini, gizani,
namsikia mtu akicheka peke yake.