Mvua Mara Moja

Daftari lake lina jalada la bluu,
kona zimekunjika kama masikio ya mbuzi,
na ndani mna vumbi la Mpunguzi, lile jekundu,
limelala kati ya kurasa bila kuandikishwa shule.

Jumatatu ni kusoma.
Ba be bi bo bu, anakariri akizoa majivu jikoni,
ba be bi bo bu, mpaka mbwa anainuka na kuondoka.
Ndahani ana ulimi wa kwetu, hauna r.
"Mama, leo tumesoma habali ya kuku."
Habari, nasema.
Habali, anasema.
Tunaangaliana, maana hata mimi
nililifikia neno hilo kwa shida,
kama mtu anayevuka korongo na ndoo kichwani.

Hesabu anatembea nazo: vizibo ishirini vya soda,
vimetobolewa kwa msumari, vimepitishwa kamba.
Kumi na sita toa tisa.
Anasogeza kizibo, anasogeza kizibo,
mdogo wake Sechelela anachomoa kimoja,
jibu linakuwa sita,
mwalimu anaweka kosa,
wala hakuna somo la kumhukumu Sechelela.

Wiki ya udongo alifinyanga ng'ombe.
Kabla hajakauka, pembe moja ikaanguka.
Sikumwona akilia. Alisema,
"Mbili toa moja,"
akamweka dirishani aitazame barabara ya Iringa.

Afya: nawa mikono kwa maji tiririka na sabuni.
Nikamwambia, maji yetu hayatiririki,
yanatembea kwa miguu yangu kutoka bombani.
Akafikiri.
Kesho yake akatoboa kidumu, akakining'iniza,
akafunga kamba na kijiti cha kukanyaga,
akanifundisha kunawa,
mimi, niliyemnawisha tangu siku aliyozaliwa.
Nilisubiri zamu yangu. Niliinyoosha mikono.

Kisha likaja swali la mazingira, nambari nne:
Kuna misimu mingapi ya mvua kwa mwaka?
Akaandika, kwa penseli fupi kuliko kidole gumba,
mmoja.
Kosa. Wino mwekundu, mkia mrefu.
Kitabuni iko miwili, vuli na masika,
na Mwalimu Naelijwa ametoka milimani Upare,
kule ukiota mvua unaamka umelowa.

Sikwenda kugombana.
Nilikuwa na ndoo ya zabibu za Chedego za kupeleka mizani,
nikapita shule kwa kuwa iko njiani.
Nilimwonyesha kwa kidole tu:
mabua ya uwele yaliyosimama tangu Mei,
korongo lililogeuka njia ya mbuzi,
na kule mbali kimbunga cha vumbi
kikizunguka peke yake kama mtoto aliyekosa timu.
Sasa ni Septemba, nikasema. Tunangoja Desemba.
Akatazama nje muda mrefu,
kama anayesoma sentensi isiyo na nukta.
"Na ile ya Aprili?"
Ya Aprili ni hiyo hiyo, Mwalimu. Inaaga.

Jioni Ndahani akafungua daftari.
Kosa bado lipo; wino ule haufutiki.
Pembeni yake pamewekwa vema, kadogo,
kama jani la kwanza la karanga.
"Mama, hapa nimepata au nimekosa?"
Nikainamisha taa. Nikatazama.
Vyote viwili.

Akanikazia macho kuona kama natania.
Halafu akageuza ukurasa.
Kesho ni michezo, akasema, haitaki penseli.
Inataka kaptula isiyo na tundu.
Nikatafuta sindano.