Boksi la Tisa, Jalada la Kumi na Nne

Wameniandikia kutoka Ohaio, kwa adabu nyingi:
wanazo barua ishirini na tisa za babu yangu,
Kasanda Msabila, mchora vibao wa Reli, Tabora,
boksi la tisa, jalada la kumi na nne,
katika nyaraka za marehemu Odessa Pruitt,
mchonga picha za mbao,
aliyeshuka hapa mwaka sitini na saba kubadili treni
akakaa wiki kumi na moja
kwa ajili ya mguu wa herufi R
kwenye kibao cha TABORA.

Ziko katika chumba kisichojua jua.
Joto lake hupimwa asubuhi na jioni, kama la mgonjwa.
Anayetaka kuzigusa hunawa kwanza,
kalamu ya wino huiacha mlangoni.
Babu huyo, ambaye hata kaburi lake
tulilipoteza mvua za Elinino.

Swali lao ni moja:
za Odessa, alizotuma huku miaka kumi na minne,
ziko wapi?

Nikampelekea Bibi swali hilo uani, Isevya.
Alikuwa anapepeta karanga. Hakuinua uso.
"Ziliuzwa."
"Kwa nani?"
"Kwa abiria."

Mwaka ule hapakuwa na sabuni, hapakuwa na sukari,
daftari moja la shule liligawanywa kwa wembe, watoto watatu.
Karatasi ya Marekani ilikuwa nzito, chumvi haikuitoboa.
Ukurasa mmoja, koni nne.
Treni ya Kigoma ikisimama,
mikono ilitoka madirishani,
karanga zikaingia zimevaa maneno yake.
Wakala. Wakatupa.
Usoke, Urambo, Kaliua, Nguruka,
huko ndiko maktaba yetu,
imelala kifudifudi kwenye kokoto za reli.

Yupo msomi huko kwao; wamenitumia makala yake.
Ametua sana kwenye barua ya Machi, mwaka themanini,
Babu anapoomba: "Tafadhali andika ndefu zaidi,
na utumie karatasi kubwa."
Msomi anaona hapo upweke wa msanii,
kiu ya mazungumzo, bara zima lililonyamaza.
Kurasa sita, na tanbihi.

Nilimsomea Bibi, nikitafsiri polepole.
Alicheka hadi ungo ukamponyoka,
karanga zikatapakaa, kuku wakashukuru.

Kisha akatulia.
"Lakini alikuwa ananisomea kwanza.
Kila moja, mara tatu.
Mimi herufi sizijui,
nilijua sauti yake inapokaribia jina langu.
Yule mwanamke hakuacha kunisalimia hata siku moja.
Akimaliza ndipo ananipa, ananiambia: haya, kunja."

Na barua ya mwisho, ile waliyonipigia picha,
mwandiko wa Babu umenyooka kama kibao cha stesheni:
"Barua zako zote zimo sandukuni,
na ufunguo nauvaa shingoni."
Hakutetemeka hata kwenye "zote".

Sasa niwajibu nini?
Niseme mchwa. Kila mtu humwamini mchwa.
Niseme paa lilivuja.

Bibi ameinama anaokota, moja moja,
anapuliza vumbi, anarudisha kwenye ungo.
"Andika ile ya jino," anasema.
"Ipi ya jino?"
Naye, macho yako kwenye karanga, anaanza,
kwa sauti isiyo yake, ya mwanamume asomaye:

"Ndugu Kasanda, salamu kwako, salamu kwa Nyanzala.
Theluji imefika dirishani. Jino nimeling'oa, la nyuma.
Leo nimechonga mlango wa stesheni yenu,
nimeweza ngazi, nimeweza kivuli,
lile joto bado linanishinda,
mbao hailitaki..."

Naandika. Mkono wangu unachelewa, ananisubiri.

"Hiyo ilitoa koni nne," anasema.
"Sasa ile ya koni mbili."