Kazi Yangu Ilikuwa Mawe

Baba alilinunua mnadani, Nachingwea,
katika nyumba ya mwisho ya Wazungu wa karanga:
hodhi la kuogea, chuma tupu, miguu minne ya simba,
na juu ya chuma ngozi nyeupe, nyembamba, ya yai.

"Likianguka halivunjiki," alisema Likwata, fundi bomba,
akiligonga kwa kifundo cha kidole.
"Linabanduka. Na likibanduka, kutu haina subira."

Basi tukalivika.
Magunia kumi na moja ya korosho,
godoro la usufi la mama, kabla mama hajajua,
kamba ya katani, fundo juu ya fundo,
miguu ya simba ikaviringishwa vitenge
kama ya mtu aliyeungua.

Watu sita, na Chande wa saba, aliyekuja kutoa ushauri.
Wakachuchumaa. Wakanyanyuka kwa magoti, si kwa mgongo.
Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, wanasema;
siku ile hata usufi wenyewe uliguna.

Nilikuwa na miaka tisa. Kazi yangu ilikuwa mawe:
niutangulie mkokoteni, niokote kila kokoto
kutoka lango lile hadi mlango wetu, Majengo.
Niliokota. Mfuko wa kaptula ukajaa, ukachanika.
Kisha kwa mama Asumini vitumbua vikageuzwa,
nami nikageuza shingo.

Gurudumu likaruka.
Ndani ya magunia kitu kikalia, ti,
sauti ya kijiko na kikombe.
Hakuna aliyesikia ila mimi.

Mlangoni halikupita.
Baba akautazama ukuta, mama akamtazama baba.
Likabaki uani, chini ya mchirizi wa bati.
"Na maji?" mama aliuliza. "Bomba linatoka Jumanne,
tena si kila Jumanne."
Baba akanyoosha kidole mbinguni.
Ilikuwa Agosti.

Desemba ikalijaza.
Aliketi humo na kaptula yake, mvua ikimpiga upara,
mkono wa kushoto ukingoni,
dole gumba limefunika mahali pamoja,
doa jeusi, dogo, kama kucha ya mtoto.

Kila mwaka, mahali palepale.
Hakuniuliza kamwe.

Baada ya arobaini yake nililiinamia, nikakwangua.
Hapakuwa na kutu.
Palikuwa na nta ya mshumaa,
tabaka juu ya tabaka,
nilihesabu mpaka nikaacha.